Kumbukumbu Si Hifadhi

Neno kumbukumbu limebebeshwa mizigo mingi katika lugha yetu. Katibu wa kikao huandika kumbukumbu za mkutano. Serikali ina Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa. Wakristo wana Kumbukumbu la Torati, na familia nyingi hufanya ibada ya kumbukumbu ya mpendwa wao aliyefariki. Hapa Arusha, si mbali na Levolosi ninakoishi, upo Uwanja wa Kumbukumbu ya Sheikh Amri Abeid. Vijana wanaoingia pale kutazama mpira si wote wanaojua kwamba mwenye jina hilo ndiye Kaluta Amri Abedi aliyetuachia kitabu cha sheria za kutunga mashairi, kilichotoka mwaka 1954. Katika matumizi yote hayo, kumbukumbu ni kitu kilichowekwa ili kidumu.

Walipokuja wataalamu wa kompyuta, walilichukua neno lilo hilo wakalipa kazi iliyo karibu kinyume. Kumbukumbu wanayoizungumzia mara nyingi ni mahali ambapo mashine hushikilia mambo kwa muda, wakati kazi inaendelea. Umeme ukikatika, yaliyomo hutoweka. Kinachobaki baada ya umeme kukatika wao hukiita hifadhi. Msomaji anaweza kudhani kwamba hili ni jambo la mafundi, lisilotuhusu sisi wa vina na mizani. Mimi nimeshuhudia tofauti ya maneno haya mawili ikikaribia kufuta mamia ya mashairi yasiyo na nakala nyingine duniani, na ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Sisi ni kikundi kidogo cha walimu wastaafu na wapenzi wa ushairi. Kwa miaka kadhaa tumekusanya mashairi ya watunzi wa Arusha na vijiji vya chini ya Mlima Meru: yaliyokatwa magazetini, yaliyonakiliwa katika madaftari ya shule, yaliyoghaniwa katika mahafali na harusi. Mashairi hayo yamo katika hifadhidata iliyojengwa na kijana ambaye sasa hayupo mjini, na hukaa katika seva ndogo tunayoikodi kwa michango yetu. Hifadhidata hiyo ilikuwa na majedwali manne. La kwanza lilikuwa la watunzi, la pili la mashairi, la tatu la beti, ambamo kila ubeti ulikuwa na mstari wake, na la nne la machapisho, yaani gazeti gani lilitoa shairi gani na lini. Beti zote kwa jumla zilikuwa 16,800.

Miongoni mwa watunzi hao yumo rafiki yangu wa tangu chuo cha ualimu, aliyetutoka mwaka juzi. Kwa zaidi ya miaka thelathini alitunga kwa lakabu, kama ilivyokuwa ada ya malenga wa magazetini: lakabu juu ya shairi, na chini yake jina la mji na namba ya sanduku la posta. Lakabu yake ilikuwa jina la ndege. Mkewe alikuja kwetu na ombi moja.

“Shemeji,” aliniambia, “wajukuu wanamtafuta babu yao humo mnamomweka, wanakuta ndege tu. Jumamosi ni ibada ya kumbukumbu yake. Nataka wasome mashairi yake, na jina lake liwe juu.”

Ombi lilikuwa la haki. Palipoandikwa lakabu paandikwe jina kamili, kisha lakabu ifuate. Lakini jina hilo lilikuwa limeandikwa katika majedwali yote manne. Shairi lilijulikana kuwa ni lake kwa sababu jina lake liliandikwa humo. Ubeti hivyo hivyo. Chapisho hivyo hivyo. Malenga wenzangu wataelewa upesi hali hii: ni kama kubadili kibwagizo. Ukikibadili katika ubeti wa kwanza, huna budi kukibadili katika beti zote, la sivyo umelivunja shairi.

Agizo lilitolewa kwa programu yetu Jumatano asubuhi. Programu ilibadilisha jedwali la watunzi, ikabadilisha la mashairi, kisha ukurasa ukawa mweupe. Kuanzia hapo, aliyetafuta kwa jina kamili alipata vichwa vya mashairi 412 visivyo na ubeti hata mmoja. Aliyetafuta kwa lakabu alipata beti 2,900 zisizo na vichwa. Rafiki yangu alikuwa amegawanywa mara mbili, kichwa upande huu na kiwiliwili upande ule, zikiwa zimebaki siku tatu kabla ya ibada.

Ujumbe wa kosa ulikuwa wa Kiingereza. Katibu wetu, mtu mwadilifu na mwenye haraka ya kusaidia, aliutafsiri mbele ya kikao kwa maneno mawili: “Kumbukumbu imejaa.” Kikao kikaelewa kama ambavyo Mswahili yeyote angeelewa, kwamba ghala la mashairi limefurika. Pendekezo likafuata: yafutwe mashairi ya zamani ya watunzi waliofariki bila kuacha wa kuwafuatilia, ili nafasi ipatikane. Orodha ikaanza kuandikwa. Nililiona humo jina la mwalimu mmoja wa shule ya msingi ambaye daftari lake lililiwa na mchwa mara tu baada ya sisi kulinakili. Mashairi yake yalikuwa hayapo popote tena isipokuwa katika seva ile.

Niliomba ujumbe wenyewe usomwe neno kwa neno. Ulisema kwamba kiasi cha kumbukumbu kilichoruhusiwa, baiti 134217728, kimekwisha. Nimefundisha Hisabati sambamba na Kiswahili, na namba kama hiyo haiwezi kupita mbele yangu bila kugawanywa. Igawe kwa 1,024, kisha igawe tena kwa 1,024: unapata 128 kamili, pasipo baki. Kabati likijaa vitu vya watu halijai kwa namba nzima namna hiyo. Namba ya aina hiyo huwekwa na mtu. Ni uzio uliochorwa kuiambia programu, “Usivuke hapa,” na kwa programu zilizoandikwa kwa lugha ya PHP, kama yetu, megabaiti 128 ndicho kiasi kinachowekwa tangu mwanzo mpaka mwenye seva akibadilishe.

Kisha nikapiga hesabu ya ghala lenyewe. Ubeti wa tarbia una mishororo minne ya mizani kumi na sita, na kwa kawaida herufi zake hazifiki 200. Hata tukihesabu 200 kwa kila ubeti, beti 16,800 ni herufi 3,360,000. Hiyo ni takriban sehemu moja ya arobaini ya namba ile iliyotajwa katika kosa. Jasho la watunzi wetu wote lilikuwa limechukua pembe ndogo sana ya mahali palipokuwapo. Kufuta shairi hata moja kusingesaidia chochote.

Niliwaeleza wenzangu kwa mfano wa ofisi ya walimu. Ofisini kuna kabati na kuna meza. Madaftari hukaa kabatini. Ya kusahihishwa huletwa mezani. Mwalimu akiagiza madaftari ya shule nzima yaletwe mezani kwa mara moja, yatamwagika sakafuni, hata kama kabati lina nafasi tele. Ukimwona mwalimu huyo anachoma madaftari ya zamani yaliyomo kabatini ili meza yake itoshe, utamshangaa. Kumbukumbu ya kompyuta ndiyo meza. Hifadhi ndiyo kabati. Kilichofurika Jumatano ile kilikuwa meza.

Hapa ndipo lugha ilipotuchezea. Tazama namna maneno haya mawili yalivyobadilishana viti. Kuhifadhi, neno tulilolipata kutoka Kiarabu, kwa wengi wetu lilikuwa kazi ya moyo: mwanafunzi wa madrasa huhifadhi Kurani, na mtoto wa shule huhifadhi shairi kichwani. Kumbukumbu, ingawa ni la Kibantu na shina lake ni kukumbuka, lilikwisha kuhamia katika majalada, makaburi na majina ya viwanja. Mafundi wa kompyuta walipoita kabati hifadhi na meza kumbukumbu, walikuwa na hoja yao, lakini masikio ya mzee wa Kitanzania yanasikia kinyume. Mtu akiambiwa kumbukumbu imejaa, mkono wake unakwenda kwenye majalada ya kale.

Baada ya kikao kuafiki kwamba hakuna kitakachofutwa, ilibaki kazi ya kutafuta ni nini kilichoijaza meza. Aliyetusaidia ni kijana niliyepata kumfundisha kidato cha tatu, ambaye sasa hutengeneza kompyuta karibu na Soko la Kilombero. Alikuja jioni, akanipa shikamoo, akaketi, na jambo la kwanza alilolifanya ni kuchukua nakala ya hifadhidata nzima kama ilivyokuwa, na vidonda vyake.

“Mwalimu,” alisema, “tusiitibu kabla ya kuiandikisha.”

Jambo la pili lilinifurahisha zaidi. Hakuagiza chochote kibadilishwe. Aliiuliza hifadhidata swali: kama tungetoa agizo lile tena, ni mistari mingapi ingeguswa? Jibu lilipaswa kuwa 2,900, kwa kuwa ndizo beti za marehemu. Likaja 1,537,000.

Chanzo kilikuwa hiki. Ili kubadilisha beti, programu ilikuwa ikiliunganisha kwanza jedwali la beti na lile la machapisho, na kiungo chao kilikuwa jina la mtunzi peke yake. Haikuuliza ubeti huu ni wa shairi gani. Kwa hiyo kila ubeti wa marehemu uliozwa kwa kila chapisho la marehemu. Alikuwa na beti 2,900 na machapisho 530, zidisha uone. Hata kama kila jozi ingechukua baiti 100 tu, meza ingehitaji baiti 153,700,000, na uzio uko kwenye 134,217,728. Kwa mtunzi mwenye beti thelathini na machapisho matano, kosa hilo huzaa jozi 150 na halitambuliki na mtu. Lilikuwa limelala humo miaka yote likisubiri mtunzi mwenye kalamu nzito. Rafiki yangu ndiye aliyetunga kuliko wote, basi ndiye aliyeliamsha.

Tungeweza kuupandisha uzio. Ni mstari mmoja tu wa kubadilisha, na wapo waliotushauri hivyo, au tukodi seva kubwa zaidi. Kijana wangu alikataa, nami nilikubaliana naye. Meza kubwa zaidi ingelificha kosa mpaka atokee mtunzi mwingine mwenye kutunga zaidi. Badala yake aliunganisha majedwali kwa namba ya shairi, akauliza tena, na jibu likaja 2,900. Kisha akaipangia programu izisome beti kwa mafungu ya 500, yaani mafungu sita, la mwisho likiwa na 400. Meza ikatosha na nafasi ikabaki.

Lakini swali kubwa lilikuwa bado. Kwa nini kazi iliyokatika katikati iliacha majedwali mawili yamebadilika na mawili bila? Hapa Kiswahili kilitusaidia badala ya kutuchezea, kwa sababu neno linalohitajika kila Mtanzania analo mfukoni: muamala. Ukimtumia mtu fedha kwa simu, kuna mambo mawili yanayopaswa kutokea: salio lako lipungue na lake liongezeke. Hakuna anayekubali la kwanza litokee bila la pili. Ama yote mawili, ama hata moja. Muamala usipokamilika, fedha hubaki kwako kana kwamba hukubonyeza kitu. Hifadhidata nayo inao muamala wa namna hiyo hiyo: unaufungua, unatoa maagizo yako yote katika majedwali yote, na mwisho unauthibitisha. Kosa likitokea kabla ya kuthibitisha, kila kitu hurudi kilipokuwa.

Majedwali yetu hayakuujua muamala. Yalikuwa ya aina ya zamani iitwayo MyISAM, ambayo kila agizo likitekelezwa limetekelezwa, wala halina marejeo. Aina nyingine, InnoDB, huujua muamala, na tangu toleo la 5.5 la MySQL, lililotoka mwaka 2010, ndiyo inayotumika pasipo mtu kuagiza vinginevyo. Yetu yalikuwa yamerithiwa kutoka mfumo wa zamani zaidi, yakahamishwa na aina yake. Kijana aliyabadilisha yote manne kuwa InnoDB, akayarejesha majina ya zamani ili kichwa na kiwiliwili vikutane tena, kisha akafungua muamala mmoja, akapitisha mafungu yote sita na majedwali yote, akathibitisha. Kazi iliyotukosesha usingizi ilikwisha kabla chai haijapoa.

Nilibaki na shaka ya mwalimu: tutajuaje kwamba hakuna mshororo uliopotea katika vurugu ile? Hapa nasema kwa fahari kwamba sheria za ushairi zilitupa njia ambayo nathari isingetupa. Ubeti wa tarbia usio na mshororo wa nne hujitangaza wenyewe. Kina kilichokatika huonekana. Tuliandika programu fupi ya kuhesabu mizani kwa kuhesabu irabu, kwa kuwa karibu kila silabi ya Kiswahili huishia kwa irabu. Ilitulalamikia mishororo mingi iliyokuwa salama kabisa, mpaka tulipoifunza kwamba m ya “mtu” na n ya “nchi” ni mizani kamili ingawa hazina irabu. Baada ya hapo ilibaki mishororo michache yenye pungufu, nayo tulipoilinganisha na magazeti tuliikuta imechapwa vivyo hivyo. Kosa lilikuwa la mpiga chapa wa zamani, na tumeliacha kama lilivyo.

Lipo somo moja zaidi, nalo ni la zamani kuliko programu yetu. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoweka misingi ya hifadhidata za majedwali. Katika kanuni zilizokua kutokana na kazi yake, mojawapo ni kwamba jambo moja liandikwe mahali pamoja. Jina la mtu likiandikwa katika majedwali manne, siku moja majedwali hayo yatapingana. Chukua mfano wa yule niliyemtaja mwanzoni. Katika kitabu cha mashairi utamsoma Amri Abedi. Uwanjani utamsoma Amri Abeid. Sisi tunajua ni mtu mmoja, mzaliwa wa Ujiji, aliyepata kuwa Meya wa Dar es Salaam na baadaye Waziri wa Sheria. Mashine haijui, kwayo hao ni watu wawili. Dawa ni kumpa kila mtunzi namba isiyobadilika, majina yake yote na lakabu zake zote zikaandikwa katika jedwali lao, na mashairi na beti zikabeba namba tu. Ndivyo tulivyofanya mwezi uliofuata. Sasa akija mjane mwingine na ombi kama lile, tutabadilisha mstari mmoja.

Ijumaa jioni kijitabu kilipigwa chapa: mashairi ishirini aliyoyachagua shemeji mwenyewe, jina kamili juu, lakabu chini yake. Siku ya ibada mjukuu mkubwa alisoma shairi moja. Alikosea kuvuta pumzi katikati ya ukwapi, na hakuna aliyemlaumu.

Nina ombi kwa wajuzi wanaosoma hapa. Wapo waliotutangulia katika kazi ya kuifanya kompyuta izungumze Kiswahili. Nakumbuka mwaka 2004, pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ilipotolewa Jambo OpenOffice, programu ya ofisini yenye menyu za Kiswahili. Istilahi nyingi zimekaa vizuri na sina ugomvi nazo: jedwali, seva, hifadhidata, muamala. Lakini kwa meza ile ya muda napendekeza tuache kusema kumbukumbu peke yake. Tuseme kumbukumbu ya kazi, au nafasi ya kazi, na ujumbe wa kosa usomeke hivi: “Programu imeomba nafasi ya kazi kuliko iliyoruhusiwa, maandiko yako yako salama hifadhini.” Ni maneno mengi kuliko mawili ya katibu wetu. Ila mzee anayeyasoma hataanza kuandika orodha ya mashairi ya kufutwa. Mwenye neno bora zaidi na alilete, tulipime pamoja.